Siku Sita Riverside: Kijiji Kisicho na Kona

Riverside iko jimbo la Illinois, kilomita 18 hivi kutoka katikati ya Chicago ukielekea magharibi. Wakazi wake ni kama 9,000. Kisheria si jiji wala mji, ni kijiji, na mkuu wake huitwa rais wa kijiji. Mtanzania aliyezoea mwenyekiti wa kijiji na ajenda za maendeleo hatashangaa sana, isipokuwa rais huyu anasimamia taa za barabarani za gesi na miti iliyopandwa kwa ramani ya mwaka 1869.

Wengi huja kutafuta jengo la ajabu, wanakuta nyumba, miti na nyasi, na baada ya saa moja wako tena stesheni. Wamekosea cha kutazama. Kilichosanifiwa hapa ni ardhi iliyoachwa bila kujengwa, na safari nzima ni ya kuuliza nani aliiacha wazi, kwa nini haikuliwa na wajenzi, na nani analipa kuitunza.

Ratiba hii ni ya wiki ya mwisho ya Oktoba, kuanzia Alhamisi. Kiangazi majani hufunika kila kitu usione umbo la ardhi, na Januari theluji hulifuta. Mwishoni mwa Oktoba nusu ya majani imeshaanguka, kwa hiyo mabonde madogo, mikunjo ya barabara na mto huonekana pamoja. Vaa nguo za tabaka: asubuhi nyuzi 4 au 5, mchana huweza kufika 15. Kinachowaponza wageni ni viatu. Umande na majani yaliyooza juu ya nyasi hulowesha raba ndani ya nusu saa.

Siku ya 1, Alhamisi: kutoka O'Hare hadi stesheni

Kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare panda treni ya mjini ya Blue Line na ushuke kituo cha Clinton. Tembea mitaa miwili kuelekea kaskazini hadi Union Station. Usishuke katikati kabisa ya jiji kwa kudhani ndipo stesheni kuu ilipo. Utalazimika kuvuka mto na mizigo.

Union Station tafuta njia ya BNSF ya shirika la Metra, iendayo Aurora. Kosa la kawaida ni kuona neno Aurora ubaoni na kupanda. Treni nyingi za saa za watu kutoka kazini ni za haraka, hupita Riverside kwa kasi na kusimama mbali zaidi magharibi. Soma orodha ya vituo vya treni husika, si mwisho wa safari tu. Riverside inakuja baada ya Harlem Avenue na kabla ya Hollywood, kituo cha bustani ya wanyama ya Brookfield. Nunua tiketi kwenye simu au kwenye mashine kabla ya kupanda. Inayosimama kila kituo huchukua kama nusu saa.

Kaa ghorofa ya juu ya behewa utazame nje, kwa sababu njia hii ni somo la kwanza. Unapita Cicero na Berwyn: mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, nyumba za matofali zilizobanana, viwanja vyembamba. Cicero ndiko kilikokuwa kiwanda kikubwa cha simu cha Western Electric, Hawthorne Works, ambacho wakati wake kiliajiri watu zaidi ya 40,000. Tarehe 24 Julai 1915 wafanyakazi wake na familia zao walipanda meli ya Eastland kwenda matembezi. Meli ikapinduka ikiwa bado imefungwa gatini katika mto Chicago, wakafa watu 844, wengi wao wenye asili ya Kicheki kutoka mitaa hii. Cicero hiyohiyo, Julai 1951, umati ulishambulia jengo la ghorofa kwa sababu familia moja ya Weusi ilitaka kuhamia humo, hadi gavana akaita jeshi la akiba la jimbo. Yafaa kuyajua haya kabla ya kufika kwenye nyasi nzuri. Uzuri wa vitongoji vya Marekani na suala la nani aliruhusiwa kuishi ndani yake vilisafiri reli moja.

Shuka Riverside. Siku hii usifanye kingine ila kujua ulipo. Karibu barabara zote zimepinda, pembe mraba ni nadra, na mwenye kutegemea "kata kulia mara mbili utarudi ulipotoka" atajikuta mtoni. Shika alama tatu: reli, ambayo imenyooka, mnara wa maji, ulio hatua chache kutoka stesheni, na mto Des Plaines, ambao umekizungukia kijiji upande wa magharibi na kusini. Ukipotea, sikiliza treni. Malazi tafuta Chicago au vitongoji vya jirani, kisha uwe unakuja kwa treni ya asubuhi. Mwenye gari akumbuke kwamba vitongoji vingi vya hapa hukataza kuegesha barabarani usiku wa manane. Soma kibao kabla ya kufunga mlango.

Siku ya 2, Ijumaa: ramani ya 1869 kwa miguu

Hii ndiyo siku ndefu kuliko zote. Anza saa 3 asubuhi.

Kwanza historia, kwa sababu bila hiyo unatembea kwenye majani tu. Reli iliyonyooka kutoka Chicago ilipita hapa mwaka 1864. Ghafla shamba lililokuwa mbali likawa umbali wa safari fupi kutoka ofisini. Mwaka 1868 kikundi cha wawekezaji kikiongozwa na Emery Childs kiliunda kampuni ya Riverside Improvement Company, kikanunua ekari 1,600, na kumwita Frederick Law Olmsted. Huyu pamoja na mwenzake Calvert Vaux ndiye aliyesanifu Central Park ya New York. Alifika, akatazama, na ripoti yake ya awali ikatoka tarehe 1 Septemba 1868. Hakuficha kwamba viunga vya Chicago vilimchosha: tambarare, tope, upweke. Alichokipenda hapa ni mto na miti ya asili iliyosimama kando yake.

Ripoti hiyo haianzi na maua. Inaanza na maji machafu na matope. Nyanda za Illinois zina udongo mzito wa mfinyanzi usiopitisha maji, na barabara ya udongo huo hugeuka uji kila masika. Kwa hiyo masharti ya mwanzo yalikuwa mifereji, barabara ngumu, maji safi na gesi. Uzuri ungefuata. Wanaonakili Riverside mahali pengine wakachora mikunjo tu bila mifereji hupata mafuriko yaliyopinda.

Kutoka stesheni fuata Longcommon Road uende kaskazini mwa reli. Simama popote na uangalie mambo manne.

La kwanza ni kina cha barabara. Barabara iko chini kidogo ya usawa wa bustani za pande zote mbili. Ukiwa umesimama kwenye nyasi upande mmoja, jicho linavuka hadi nyasi za upande wa pili bila kukwama kwenye lami, na uwanja unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ni hila, na inafanya kazi. Gharama yake ni kwamba barabara iliyo chini hukusanya maji yote. Mdomo wa mtaro ukizibwa na majani, dimbwi hutokea ndani ya robo saa ya mvua. Ndiyo maana Oktoba na Novemba utaona wenye nyumba wakifagia midomo ya mitaro mbele ya kwao bila kuambiwa.

La pili ni umbali wa nyumba na barabara. Mpango uliweka futi 30, kama mita 9, zisizojengwa mbele ya kila nyumba, na katika nafasi hiyo mwenye nyumba alitakiwa kutunza mti mmoja au miwili iliyo hai. Viwanja vya awali vilikuwa vikubwa, futi 100 kwa 225, yaani mita 30 kwa karibu 69.

La tatu ni uzio, au kukosekana kwake. Olmsted alichukia kuta ndefu za viunga vya Uingereza. Aliandika kwamba mtaa wa namna hiyo unafanana na safu ya nyumba za wendawazimu za watu binafsi. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea ukuta wenye vipande vya chupa juu na geti la chuma, hili ndilo litakalomsimamisha muda mrefu zaidi. Nyasi za mtu binafsi zinaungana na za umma bila mstari. Usidhani lakini kwamba hakuna mpaka. Upo, na umeandikwa kwenye hati. Kukanyaga nyasi zilizo mbele ya nyumba ya mtu ni kuingia kwake. Tembea kwenye njia ya miguu.

La nne ni pembetatu. Barabara mbili zilizopinda zikikutana hazifanyi kona, hufanya kipande cha ardhi cha pembetatu. Penginepo kipande hicho kingeuzwa au kujengwa kibanda. Hapa kila kimoja ni bustani ya umma. Hesabu inayotajwa ya bustani ndogo na kubwa ni 41. Nyingine zina miti mitatu tu na hakuna hata benchi. Benchi likiwekwa, jicho linakwama hapo.

Endelea hadi Long Common yenyewe, uwanja mrefu wa wazi ulioipa barabara jina. Hapa ndipo ugomvi ulipotokea. Childs, mkuu wa kampuni, alitaka kujenga nyumba yake katikati ya uwanja huo wa wote. Olmsted alikataa katakata. Mwenye mradi mwenyewe angekuwa wa kwanza kuvunja sheria ya mradi, na baada yake nani angeiheshimu? Juu ya hayo, wasanifu walilipwa viwanja badala ya fedha taslimu, malipo ambayo yana thamani mradi wenyewe ukisimama tu. Mwaka 1870 Olmsted na Vaux walijitoa. Kazi ikaendelezwa na William Le Baron Jenney, mhandisi aliyesomea Paris, ambaye baadaye alijenga Home Insurance Building ya Chicago mwaka 1885, jengo linalohesabiwa na wengi kuwa babu wa maghorofa marefu.

Kisha mambo yakaharibika. Oktoba 1871 Chicago iliungua, na fedha zote za mkopo zikahamia kujenga jiji upya. Mwaka 1873 mabenki ya Marekani yalitikisika na kampuni ikafilisika. Barabara pana ya mapambo iliyokusudiwa kuiunganisha Riverside na Chicago haikukamilika kama ilivyochorwa. Mwaka 1875 wakazi wachache waliobaki wakaunda serikali ya kijiji, na hatua hiyo ndogo ya ofisini ndiyo iliyookoa kila kitu, maana ardhi ya wazi ilipata mwenyewe asiyeweza kufa wala kufilisika kirahisi. Mara nyingi Olmsted husifiwa peke yake. Karani wa 1875 naye alistahili sanamu.

Maliza siku kwa kusubiri giza. Mwishoni mwa Oktoba jua huzama kabla ya saa 12 jioni. Taa za gesi mwanga wake ni wa manjano, hafifu, unaotikisika kidogo. Ndani ya taa ya namna hii huning'inia kitambaa cha wavu kama kile cha taa ya karabai, na udhaifu ni uleule: kikishaungua hubaki majivu yaliyoshikamana, tikisiko dogo linakivunja. Mwanga hautoshi kusomea. Beba tochi kwa ajili ya mizizi iliyoinua njia ya miguu.

Siku ya 3, Jumamosi: mnara na nyumba za Wright

Mnara wa maji ni kazi ya Jenney, 1871. Chini ni mawe na matofali, juu palikuwa na tangi la mbao lililofichwa ndani ya pambo, ili chombo cha bomba kionekane kama kasri. Januari 1913 moto uliteketeza sehemu ya juu. Ikajengwa upya, ndefu zaidi, na tangi la chuma. Kando yake ziko nyumba mbili ndogo za visima vya zamani, na mojawapo imegeuzwa makumbusho ya kijiji. Hufunguliwa saa chache tu kwa wiki na wanaojitolea, kwa hiyo hakiki saa kabla ya kupanga siku kuizunguka. Ukipata nafasi, omba kuona ramani ya 1869 na uilinganishe na ya leo. Sehemu ambazo hazikutimizwa hutambulika mara moja: ndipo mitaa inaponyooka.

Jengo la Arcade, pia la miaka ya mwanzo na kazi ya Frederick Withers, liko karibu na stesheni: maduka chini ya paa moja, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni katika vitongoji.

Baada ya chakula elekea upande wa mto, Nuttall Road na Bloomingbank Road. Nyumba ya Tomek, iliyo Nuttall Road, ni kazi ya msanifu majengo Frank Lloyd Wright: paa refu la mlalo lililochomoza kupita kuta kana kwamba hakuna kinacholishika. Ilikuwa jaribio la fikra alizozitumia kwa umaarufu zaidi miaka michache baadaye Chicago. Mbele kidogo liko boma la Coonley, lililosanifiwa kuanzia 1907 kwa ajili ya Avery Coonley na mkewe Queene Ferry Coonley. Vyumba vikuu viko ghorofa ya juu, na bustani ilishughulikiwa na Jens Jensen, bingwa wa mimea ya nyanda hizi. Mama Coonley alishabikia elimu mpya ya watoto, na mwaka 1912 Wright akamjengea nyumba ya shule ya chekechea ambayo madirisha yake yana vioo vya rangi vya mviringo kama maputo. Madirisha halisi hayapo tena hapa. Yale matatu maarufu yako Metropolitan Museum ya New York. Boma lenyewe baadaye liligawanywa, na leo ni makazi ya familia kadhaa.

Zote hizi ni nyumba za watu. Piga picha ukiwa kwenye njia ya miguu, usipige kengele, usizunguke nyuma. Anayetaka kuona ndani asubiri ziara zinazoandaliwa kwa nadra, nyingi kwa tiketi.

Nyumba ya nne huioni. Henry Babson alijengewa na Louis Sullivan, mwalimu wa Wright, nyumba kubwa ambayo ilibomolewa mwaka 1960 na kiwanja kugawanywa. Yamebaki majengo ya huduma tu. Msiba huo uliwaamsha watu. Mwaka 1968 ikaundwa Frederick Law Olmsted Society, na 1970 mpango wa Riverside ukatangazwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa.

Hapa wageni, hata wasomi, hukosea. Wanadhani cheo hicho cha taifa kinamzuia mwenye nyumba kubomoa. Hakimzuii. Mtu anayetumia fedha zake mwenyewe bila kibali wala ruzuku ya serikali kuu anaweza kubomoa nyumba yenye cheo hicho, isipokuwa sheria ndogo za mahali zimkataze. Ulinzi wenye meno uko kwenye ngazi ya kijiji: kamati ya uhifadhi, orodha ya majengo ya kienyeji, kibali cha kubadili sura ya nje. Sahani ya shaba ukutani ni heshima. Kinachozuia katapila ni karatasi ya ofisi ya kijiji.

Siku ya 4, Jumapili: mto

Treni za Jumapili ni chache. Andika saa za kurudi kabla ya kuondoka stesheni.

Des Plaines huanzia kusini mwa Wisconsin na kushuka polepole kwenye ardhi iliyo bapa kama meza. Kwa sababu hiyo mafuriko yake hayafanani na ya mito ya milimani. Mvua hunyesha leo, jua linawaka kesho, watu wanapumua, kisha maji ya kaskazini yanawasili kesho kutwa. Kijito cha Salt Creek nacho huingia mtoni karibu na hapa, na vilele viwili vikikutana ndipo hatari ilipo. Mafuriko ya Aprili 2013 yalikuwa ya kuvunja rekodi. Mbaya zaidi ni mvua ya masika juu ya ardhi ambayo bado imeganda, maana haiingii chini hata tone.

Tembea kingo za Swan Pond karibu na maktaba. Jina ni la bwawa, lakini utakuta uwanda wa nyasi ulio chini kuliko mtaa. Ni kazi yake kufurika: maji yakipanda yanaingia hapa kwanza, kisha yanarudi mtoni yakiacha tope na magogo. Benchi au njia yoyote inayowekwa hapa lazima istahimili kuzama. Kila anayependekeza kujenga kitu cha kudumu mahali hapa huonyeshwa picha za 2013.

Vuka daraja dogo la kuning'inia la waenda kwa miguu. Linacheza, ndivyo lilivyo. Kisha fuata mto hadi mpaka wa Lyons, kwenye mnara wa Hofmann, kasri la zege la 1908 lililojengwa na mwenye kiwanda cha bia aliyetaka bustani ya starehe na boti. Ukuta wake wa bwawa ulidumu miongo mingi na madhara yake yalikuwa matatu: tope lilijikusanya nyuma yake, samaki hawakuweza kupanda, na maji yaliyoanguka upande wa chini yalijizungusha yakimshika mpiga kasia asitoke. Ukuta mfupi wa namna hiyo unaonekana mpole, na ndiyo maana huua. Mwaka 2012 Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kiliubomoa sehemu yake, mto ukapita. Leo unasikia maji yakipita juu ya mawe.

Ukiwa na nguvu za mchana, chukua basi la Pace kwenye Harlem Avenue kwenda kusini hadi Chicago Portage, eneo la hifadhi lenye sanamu kubwa ya wasafiri na mtumbwi. Septemba 1673 wasafiri Marquette na Jolliet walipita hapa, wakionyeshwa njia na wenyeji. Upande mmoja maji yalienda Mississippi, upande mwingine ziwa Michigan, na katikati palikuwa na kinamasi kilichoitwa Mud Lake. Mwaka wa mvua mtumbwi ulipita moja kwa moja. Wa ukame ulibebwa kichwani kilomita nyingi. Jolliet alisema pachimbwe mfereji. Ukafunguliwa 1848, na Chicago ikawa Chicago. Wapotawatomi, ambao njia ilikuwa yao, walitia sahihi mkataba wa 1833 na wakalazimika kuhama kwenda magharibi mwa Mississippi. Riverside ina bustani ya mtoni iitwayo Indian Gardens. Jina limebaki, wenyewe hawapo.

Siku ya 5, Jumatatu: jinsi kijiji kinavyojiendesha

Anzia maktaba, jengo la mawe la 1931 mithili ya kanisa, linalotazama mto. Asubuhi ni la wazee na magazeti, kuanzia saa 9 alasiri ni la wanafunzi. Kisha nenda ukumbi wa tarafa, wa 1895, ambao pia ni makao ya ofisi za kijiji.

Rais wa kijiji na madiwani sita huchaguliwa kwa miaka minne, uchaguzi ukifanyika Aprili ya miaka ya witiri. Hawa si waajiriwa wa kutwa. Kazi za kila siku ziko kwa mkurugenzi aliyeajiriwa. Sheria ya Illinois inataka ajenda ya mkutano ibandikwe angalau saa 48 kabla, na mwananchi apewe nafasi ya kusema. Mgeni anaweza kukaa nyuma na kusikiliza. Utasikia nusu saa juu ya mti mmoja, na usicheke, kwa sababu mti huo ni mali ya umma na kuukata ni kubadili ramani.

Mwenye kutaka kuelewa kijiji asome bili ya kodi ya nyumba. Kaunti ya Cook huiandika nyumba ya kuishi kwa asilimia 10 ya bei ya soko. Nyumba ya dola 400,000 inakuwa 40,000. Huzidishwa na kigezo cha jimbo, ambacho miaka ya karibuni kimekuwa karibu 3, inakuwa 120,000. Mwenye kuishi humo mwenyewe hupunguziwa 10,000, zinabaki 110,000. Juu ya hizo kila mamlaka hutoza kiwango chake: kijiji, maktaba, shule za msingi za District 96, sekondari ya Riverside-Brookfield, tarafa, kaunti, hifadhi za misitu, mamlaka ya maji machafu. Shule ndizo hula fungu kubwa kuliko wote. Awamu ya kwanza ni asilimia 55 ya bili yote ya mwaka uliopita. Awamu ya pili ndiyo yenye hesabu mpya. Hapo ndipo wanunuzi wapya huanguka. Kodi hulipwa mwaka ukiwa umeshapita, kwa hiyo bili ya kwanza huwa ya kipindi cha mwenye nyumba wa zamani, na kama mkataba wa mauzo haukuweka fedha za kuifidia, aliyenunua anailipa yeye.

Bustani zote zile haziingizi hata senti moja ya kodi. Kila ekari iliyo wazi ni ekari isiyolipa, na gharama yake inagawanywa kwa nyumba chache. Maduka ni machache vilevile, hivyo kodi ya mauzo haisaidii sana. Malalamiko ya mkutanoni yakichujwa, mengi yanaishia hapo.

Maisha ya mwaka yana mapigo yake: kumbukumbu ya mashujaa mwishoni mwa Mei, gwaride la Sikukuu ya Uhuru tarehe 4 Julai, soko la wakulima majira ya joto, watoto kutelezea theluji kwenye miteremko ileile iliyochorwa 1869.

Siku ya 6, Jumanne: msumeno mdogo, kisha treni

Siku za kazi ya kujitolea kwenye bustani kwa kawaida huwa mwishoni mwa wiki. Ukiweza kupanga safari iangukie siku hiyo, ifanye badala ya matembezi. La sivyo, tembea asubuhi ukitazama matokeo.

Adui ni kichaka kiitwacho buckthorn, kilicholetwa kutoka Ulaya karne ya 19 kwa ajili ya uzio wa miti. Ndege hula matunda yake meusi na kuyatawanya. Mwishoni mwa Oktoba huhitaji kitabu kukitambua: kila kitu kina rangi ya kahawia na dhahabu, chenyewe bado ni kijani kibichi. Kikishika ukingo wa mto, kivuli chake huua nyasi na maua ya chini, udongo unabaki mtupu, na maji yanauchukua. Kukikata tu ni kukizidisha, maana kisiki huchipua mashina kumi. Hukatwa karibu kabisa na ardhi, kisha kisiki hupakwa dawa palepale, kabla jeraha halijakauka, na mtu mwenye ruhusa ya kushika dawa hiyo. Beba glavu nene na miwani. Matawi yake yana miiba inayotoboa.

Tatizo la pili halionekani tena, limeshapita. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Illinois mwaka 2006, na buu wake hula chini ya gome la miti aina ya eshi hadi mti ukakauka ndani ya miaka michache. Vitongoji vilivyopanda mti huo mtaa mzima vilibaki vipara. Sasa kanuni ya wapandaji ni kuchanganya. Tazama mche mpya popote uuonapo na ulinganishe na jirani zake watatu. Mara nyingi ni aina nne tofauti. Mialoni mikubwa ya kingo za mto iache kama ilivyo. Mingine ilikuwepo kabla ya Olmsted.

Kurudi Chicago, fika stesheni dakika 10 mapema. Reli ni tatu, na treni ya kwenda mjini haitumii jukwaa lilelile kila mara. Sikiliza tangazo kabla ya kuvuka. Kwenye tambukareli ya Longcommon Road treni ya mizigo inaweza kupita kwa dakika kadhaa, na nyuma yake, kwenye reli ya pili, ikaja ya abiria isiyosimama hapa. Makomeo yakibaki chini baada ya behewa la mwisho, subiri.